Namna ya Kujaza Nafasi za Kazi kwa Wafanyakazi wa Ndani: Mwongozo kwa Waajiri wa Tanga

Nafasi ya kazi inapobaki wazi, wa kwanza kuiona ni wale wanaofanya kazi jirani nayo. Kabla barua ya kuacha kazi ya msimamizi wa zamu haijafika masijala, watu wa zamu yake wameshapata habari, wameshapima nani anafaa na nani hafai, na wawili watatu wameshaanza kujiuliza kimoyomoyo kama safari hii watafikiriwa. Mwajiri anayeamua kuijaza nafasi hiyo kwa mtu wa ndani afahamu kwamba anafanya uamuzi wake mbele ya watu wote hao, na kwamba namna atakavyoufanya itakumbukwa muda mrefu baada ya jina la aliyeteuliwa kuzoeleka. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya waajiri wa viwanda, mashamba ya mkonge, hoteli, maghala na kampuni za mizigo za mkoa wa Tanga, hasa wale wasio na idara kubwa ya utumishi, ambao mara nyingi hulifanya jambo hili kwa nia njema na kwa haraka.

Haraka hiyo naijua kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni katika kazi ya utumishi, kwenye kiwanda kimoja cha mkoa huu, nafasi ya msimamizi wa mizani ya malori iliachwa wazi. Mimi na mkuu wa idara tulikaa ofisini nusu saa, tukachagua kijana wa ghala mwenye stashahada, tukaandika barua, na kesho yake saa nne asubuhi, wakati wa chai, nikabandika jina lake ubaoni. Kijana alikuwa mwema na mwenye akili. Lakini katika kibanda cha mizani palikuwa na karani mwenye miaka 11 kazini, mzee ambaye madereva walimjua kwa sauti, na ambaye aliweza kulitambua lori lililozidisha mzigo kwa kutazama tu linavyopanda jukwaa. Alisimama mbele ya ubao, akaishusha miwani kutoka kipajini, akasoma mpaka mwisho, kisha akaja ofisini kwangu na kikombe chake cha chai mkononi, chai yenyewe haijaguswa.

"Shikamoo mzee," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu. Sikuja kugombana. Nataka kujua tu, nafasi hii ilitangazwa lini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu haikutangazwa. Baada ya miezi miwili aliandika barua ya kuacha kazi, akaenda kupima mizigo ya mtu mwingine. Aliondoka na mambo ambayo hayakuwa yameandikwa popote, kwa mfano kwamba mvua ikinyesha sana tope hujikusanya chini ya jukwaa na kuifanya mizani ikosee, na kwamba tope hilo huanzia upande wa kushoto. Kijana wetu alikuja kuligundua hilo baada ya wiki kadhaa za kuvutana na madereva. Inawezekana kabisa kwamba hata tungetangaza na kusaili, kijana yule yule angeshinda, na mzee angekubali. Kilichomuuma ni kupitwa bila kuulizwa.

Kwanza amua kama nafasi inafaa kujazwa kutoka ndani

Si kila nafasi ni ya watu wa ndani. Zipo kazi ambazo ujuzi wake haumo kabisa katika taasisi. Bandari yetu inatoa mfano ulio karibu: kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na mizigo ikaletwa kwa matishari, lakini baada ya kina cha maji kuongezwa na gati kuboreshwa, meli hufunga gatini moja kwa moja, na kazi nyingi za kushusha mizigo zimebadilika sura. Mwajiri ambaye kazi yake imebadilika kwa kiwango hicho anaweza kulazimika kumleta mtu kutoka nje, walau kwa mkataba wa muda maalumu, huku akimweka mtu wa ndani pembeni yake ajifunze. Vilevile, idara iliyozama katika wizi au uzembe wa muda mrefu haiponi kwa kumpandisha mmoja wa wale wale waliouzoea. Taasisi za umma nazo zina njia yake, kwa kuwa ajira mpya serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na upandishaji vyeo hufuata miundo ya utumishi. Mwongozo huu unamhusu zaidi mwajiri wa sekta binafsi.

Kwa nafasi nyingine zote, ushauri wangu ni kuanza kutafuta ndani. Mtu wa ndani anaijua kazi, anawajua wateja, na taasisi inazijua tabia zake siku za mvua na siku za jua. Kuna pia suala la fedha. Mwaka 2011 Matthew Bidwell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa benki moja ya uwekezaji nchini Marekani, akaonyesha kwamba waliotoka nje walilipwa kati ya asilimia 18 na 20 zaidi ya wenzao waliopandishwa katika kazi za aina hiyo hiyo, ilhali katika miaka 2 ya mwanzo tathmini zao za utendaji zilikuwa chini, na waliondoka kwa wingi zaidi. Benki ya Marekani si kiwanda cha Pongwe, lakini sababu zake zinaeleweka hata kwetu: mgeni hulipwa kwa vyeti vinavyoonekana kwenye karatasi, na kisha huhitaji muda wa kujifunza yale ambayo mwenyeji anayajua tayari. Tanga ya leo ina sababu nyingine ya ziada. Mradi wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani umefungua soko la mafundi, madereva na wasimamizi, na mfanyakazi asiyeona ngazi ya kupanda mahali alipo ana mahali pa kutazama.

Sifa ziandikwe kwa kuitazama kazi

Kabla ya kuandika tangazo, kaa na aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, kama bado yupo, na watu wawili wanaopokea matokeo ya kazi yake, kisha andika upya majukumu. Maelezo ya kazi yaliyomo kwenye faili mara nyingi ni ya miaka kumi nyuma, na huenda nusu ya mambo yake yameshahamia idara nyingine.

Baada ya majukumu, sifa. Hapa ndipo waajiri wengi huwafungia mlango watu wao bila kukusudia. Tangazo linadai stashahada kwa kazi ambayo aliyeiacha aliifanya miaka minane akiwa na cheti cha kidato cha nne, na kwa mstari huo mmoja mafundi wote wenye uzoefu wameshatolewa. Jiulize kwa kila sifa: mtu akiikosa, ni jukumu lipi katika orodha ambalo atashindwa kulifanya? Kama hakuna, ifute. Kama kazi inahitaji ujuzi uliothibitishwa, kumbuka kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Mwajiri anayetaka kuwapandisha watu wake atapata faida akiwapeleka huko mapema, kabla nafasi haijatokea.

Tazama pia mkataba wa hali bora, kama mna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pa kazi. Baadhi ya mikataba hiyo ina vifungu kuhusu nafasi za kupanda cheo, na ni aibu kukumbushwa jambo hilo na mwenyekiti wa tawi baada ya usaili kwisha.

Tangazo liwafikie wote

Tangazo la ndani lieleze cheo, idara, kituo cha kazi, majukumu makuu, sifa, kiwango cha mshahara, mwisho wa kupokea maombi, mahali pa kuyapeleka, na wiki ambayo usaili unatarajiwa. Najua kwamba kuandika mshahara hakujazoeleka kwetu. Nasisitiza uandikwe, kwa sababu mfanyakazi wa ndani ana kitu cha kupoteza akihama, ikiwa ni pamoja na posho ya zamu ya usiku au saa za ziada, na hawezi kufanya uamuzi wa busara juu ya jambo lililofichwa.

Muda wa kuomba usipungue siku 7 za kazi. Halafu fikiria nani hatalisoma. Ubao wa matangazo ulio karibu na ofisi ya utawala husomwa na watu wa utawala. Mahali pa kubandika ni pale kila mtu anapopita, yaani getini, penye daftari la mahudhurio, na mlangoni mwa bwalo la chakula. Zamu ya usiku isomewe tangazo kwa sauti wakati wa makabidhiano ya zamu, siku mbili mfululizo, kwa kuwa wapo watu hodari sana ambao kusoma karatasi iliyojaa maandishi si kazi nyepesi kwao, nao hawatasema. Kundi la WhatsApp linasaidia, lakini lisichukuliwe kuwa linatosha.

Kisha wako walioko nje kwa haki yao. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28 mfululizo, na likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Tangazo la siku 7 linaweza kufunguliwa na kufungwa huku mama mwenye sifa zote akiwa nyumbani Makorora na mtoto mchanga. Afisa utumishi apige simu kwa kila aliye likizoni, amsomee, na aandike tarehe na saa ya simu hiyo. Jambo hili halihusu wema peke yake: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi, na ujauzito umetajwa humo waziwazi pamoja na jinsia, hali ya ndoa, umri, ulemavu, kabila, dini na maoni ya kisiasa. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kuzuia ubaguzi na kukuza fursa sawa kazini, na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi.

Watakuwapo wakuu wa idara watakaosema kwamba haya yote ni kupoteza muda, kwa sababu wanamjua tayari anayefaa. Jibu limo katika utafiti wa JR Keller wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa mwaka 2018. Aliwalinganisha zaidi ya watu 11,000 waliohamia au kupandishwa ndani ya kampuni moja kubwa ya Marekani, wengine kwa tangazo la wazi na wengine kwa kuteuliwa na meneja aliyewajua. Waliopatikana kwa tangazo walifanya kazi vizuri zaidi na hawakuwa wepesi kuondoka. Meneja humjua aliye karibu naye. Tangazo humwibua yule aliye ghala la pili, ambaye hajawahi kuingia ofisini kwa meneja hata mara moja.

Mkuu wa idara asiyetaka kumwachia mtu

Katika barua zetu kuna mazoea ya kuandika "kupitia kwa mkuu wa idara". Kwa maombi ya nafasi za ndani, mazoea haya yaachwe. Nimeona barua ya maombi ikilala kwenye mtoto wa meza mpaka tarehe ya mwisho ikapita, kwa sababu mwombaji alikuwa fundi bora wa karakana na mkuu wake hakutaka kubaki bila yeye. Simlaumu sana mkuu huyo, kwani alikuwa na malengo ya uzalishaji na hakuna aliyemwambia atapewa nani badala yake. Lakini mfanyakazi anayezuiwa kupanda kwa sababu ya uhodari wake hujifunza haraka kwamba uhodari haulipi.

Utaratibu unaofaa ni huu: mwombaji apeleke barua moja kwa moja utumishi, na mkuu wake ajulishwe, asiombwe ruhusa. Akishinda, aachiwe ndani ya siku 30, na tarehe hiyo iandikwe kwenye barua ya uteuzi. Katika siku hizo 30 utumishi una wajibu wa kumtafutia mkuu wa idara mtu wa kuziba pengo. Ahadi hiyo isipotekelezwa hata mara moja, barua zitarudi kwenye mtoto wa meza.

Usaili

Jopo liwe la watu watatu, mmoja wao kutoka idara isiyohusika. Kabla ya kuanza, kila msaili aseme kama ana undugu au ukaribu na mwombaji yeyote, na aliye nao ampishe mwingine. Tanga ni mji wa watu wanaojuana. Mliosoma madrasa moja, mliooleana, mnaoishi barabara moja ya Ngamiani, wote mtajikuta siku moja upande huu na ule wa meza ya usaili, na hakuna ubaya katika kujuana. Ubaya unaingia pale ujamaa unapofichwa. Kimemo kikija, kutoka kwa yeyote yule, kisichanwe wala kisijibiwe. Kiwekwe kwenye jalada la usaili pamoja na tarehe kilipopokelewa, na wasaili wote waambiwe kwamba kimo humo. Baada ya mara mbili tatu, vimemo hupungua vyenyewe.

Kosa kubwa zaidi katika usaili wa ndani ni kumpa cheo mtu kama zawadi ya kazi aliyokuwa akiifanya. Fundi bora si lazima awe msimamizi bora wa mafundi. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walilichunguza jambo hili katika kampuni nyingi za Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2019: wauzaji waliokuwa wakiuza zaidi ndio waliopandishwa kuwa mameneja, lakini mauzo ya hapo awali yaliendana na utendaji duni wa timu walizopewa kuziongoza. Kwa hiyo mpe mwombaji kipande cha kazi anayoiomba. Kwa nafasi ya msimamizi wa zamu, mimi huweka mezani karatasi tupu na kusema: "Ni wiki ya Idi. Una watu 14, watano wameomba ruhusa, wawili kati yao walinyimwa mwaka jana, na mashine moja iko matengenezoni hadi Jumatano. Panga zamu, kisha tueleze utawaambia nini wale utakaowakatalia." Dakika 40 zinatosha. Utamwona anayewapanga wanyonge usiku wote, utamwona anayejipanga mwenyewe siku ya Idi ili wengine wakasali na kula na watu wao, na utamwona anayeuliza kwanza, "Hawa wawili walinyimwa kwa sababu gani?" Huyo wa mwisho msikilizeni kwa makini.

Maswali mengine yawe yale yale kwa kila mmoja, na alama ziandikwe na kila msaili peke yake kabla ya mazungumzo. Faili la mfanyakazi lisizungushwe mezani lote. Wasaili wapewe muhtasari wa mambo yanayohusu kazi, yaani tathmini za utendaji, mafunzo na maonyo ambayo muda wake haujaisha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, taarifa za ugonjwa wa mtu au mambo ya ndoa yake zikisambaa kutoka kwenye jopo, mwajiri ana la kujibu mbele ya sheria.

Swali la umri huja mara kwa mara, na huulizwa kwa sauti ya chini: je, kijana ataweza kuwaamuru wazee? Sitaki lipewe uzito kuliko linavyostahili. Kijana aliyepandishwa juu ya waliomzidi umri ataendelea kuwapa shikamoo saa moja asubuhi, na saa mbili atawagawia kazi, na mambo hayo mawili hayagombani. Anayehitaji kuacha shikamoo ili aonekane bosi ameshaonyesha kwamba hajawa tayari.

Waliokosa

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Waombaji wakiwa sita, mmoja atapata na watano watarudi mahali pao pa kazi, mbele ya wenzao waliojua kwamba wameomba. Mwombaji wa nje aliyekosa anabaki na huzuni yake nyumbani kwake. Wa ndani aliyekosa anaamka kesho yake, anavaa ovaroli, na anaanza kupokea maagizo, pengine kutoka kwa aliyemshinda.

Kathryn Dlugos na Keller, katika utafiti wa mwaka 2021 uliopitia maelfu ya maombi yaliyokataliwa ndani ya kampuni moja, walikuta kwamba waliokataliwa walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuondoka kazini wakilinganishwa na waliopata nafasi au ambao hawakuomba kabisa. Lakini walikuta pia jambo lenye matumaini: waliofika mbele ya meneja mwenye nafasi na kusailiwa, hata wakakosa, uwezekano wao wa kuondoka ulikuwa nusu ya ule wa waliokatwa mapema. Kusailiwa kuliwaambia kwamba walifikiriwa kweli, na kwamba safari nyingine huenda wakapata. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba kila mwombaji wa ndani aliyetimiza sifa za msingi asailiwe, hata kama idadi inachosha. Saa mbili za jopo ni gharama ndogo kuliko kumpoteza karani wa miaka 11 kazini.

Matokeo yatolewe kwa mpangilio huu. Kwanza zungumza na waliokosa, mmoja mmoja, uso kwa uso, siku ile ile, kabla jina la mshindi halijabandikwa popote. Anayezungumza nao awe mmoja wa wasaili, asiwe karani aliyetumwa. Kama mtu yuko zamu ya usiku, msubiri saa ya kuingia. Usimpigie simu amelala. Kikao kifanyike mahali penye mlango, na kiti kiwepo.

Maneno yawe machache na ya kweli. Mwambie amekosa katika sentensi ya kwanza, kwa sababu anayesubiri hukumu hasikii sifa. Kisha mweleze jambo moja alilolifanya vizuri, na jambo moja au mawili yaliyompunguzia alama, kwa mfano wa wazi kutoka kwenye usaili wenyewe. Nilimwambia dada mmoja wa ghala: "Dada, nafasi hukuipata. Hesabu zako za akiba zilikuwa sahihi kuliko za wote. Ulipungukiwa kwenye zamu ya Idi, maana uliwakatalia wote watano bila kueleza utazungumza nao vipi." Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hilo kweli. Mie nilidhani mnataka mtu mkali." Hapo ndipo mazungumzo yenye faida yalipoanzia, nasi tukakubaliana akaimu usimamizi wa zamu kila msimamizi wake anapokwenda likizo.

Usiahidi nafasi ijayo, kwa kuwa hujui itatangazwa lini wala nani ataomba. Usimwambie alikuwa wa pili kama hakuwa wa pili. Usimtupie lawama msaili mwenzako. Mpe barua fupi, kisha weka kwenye kalenda yako tarehe ya miezi 3 baadaye, na siku hiyo ikifika mwendee kazini kwake umuulize yale mliyokubaliana yamefikia wapi. Waajiri wengi hufanya kikao cha kwanza na kusahau cha pili, na mfanyakazi huchukulia kwamba cha kwanza kilikuwa cha kumtuliza.

Barua, mshahara na matazamio

Aliyepata apewe barua inayotaja cheo, mshahara mpya, tarehe ya kuanza na majukumu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini niliyoitaja kinamtaka mwajiri, masharti ya kazi yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo ya maandishi na kumjulisha kwa maandishi. Cheo bila nyongeza, kwa ahadi kwamba "tutaangalia bajeti", kinavunja moyo kabla ya mwezi kwisha. Kama fedha hazipo, nafasi isitangazwe bado.

Kipindi cha matazamio kwenye cheo kipya kinafaa, miezi 3 au 6, lakini ieleweke kwamba ni matazamio ya cheo, siyo ya ajira. Miaka yake ya utumishi inaendelea kuhesabiwa na haki zake hazirudi sifuri. Barua iseme wazi kwamba akishindwa atarudi kwenye kazi yake ya awali au inayolingana nayo, kwa mshahara gani, na nani ataamua. Mtu akijua kwamba mlango wa nyuma upo, huomba msaada mapema badala ya kuficha makosa.

Kuhusu kukaimu, nina neno moja. Katika utumishi wa umma, maelekezo ni kwamba nafasi inayokaimiwa ijazwe rasmi ndani ya miezi 6, na mwajiri binafsi angefanya vyema kujiwekea ukomo kama huo, pamoja na posho ya kukaimu. Mtu aliyekaimu miaka miwili kisha akashindwa usaili ana haki ya kuuliza ilikuwaje akaaminiwa muda wote huo.

Pengo linalofuata

Kumpandisha mmoja ni kufungua nafasi nyingine chini yake, na wakati mwingine mnyororo huo hufika hatua tatu. Uchore kwenye karatasi kabla ya kutangaza nafasi ya kwanza, ili ujue mwishoni ni kazi ipi itakayotafutiwa mtu wa nje. Mara nyingi ni ile ya ngazi ya chini, ambayo vijana waliomaliza mafunzo wanaweza kuipata na kuianza.

Makabidhiano yafanyike penye kazi yenyewe na kwa muda wa kutosha. Miaka kadhaa baada ya kosa langu, nafasi ya msimamizi wa mizani ilifunguliwa tena. Tulitangaza siku 10, wakaomba wanne, wakasailiwa wote wanne, akapata mwanamama aliyekuwa karani wa getini. Kijana wa stashahada, ambaye sasa alikuwa anahamia idara ya usafirishaji, alikaa naye kibandani wiki mbili. Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi iliyofuata niliwakuta wote wawili wamechuchumaa upande wa kushoto wa jukwaa, kijana ameshika kijiti cha kukwangulia tope, mama ameshika daftari, akiandika.